Shikamoo Niliyoiona

Kwenye geti la mtambo tulipekuliwa tunapotoka, si tunapoingia. Mlinzi wa kike alinipapasa kuanzia kilemba mpaka soksi, akanivulisha viatu, akaniambia nifungue mdomo na kuinua ulimi. Dhahabu ni kitu kidogo, hukaa popote. Simu yangu aliishika kila siku, akaitoa kwenye kava, akaikung'uta, akanirudishia. Kwa miezi mitano nilitoka na sauti ya meneja wao ndani ya simu hiyo hiyo, mbele ya macho yao, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Wapo watu nikiwasimulia hukunja uso. Wanasema kurekodi wenzako bila wao kujua si uungwana. Nawaambia uungwana nilianza nao mimi. Nilikwenda na cheti cha hospitali mkononi, nikabisha hodi, nikaketi kwa adabu, nikaomba. Uungwana wangu ulitiwa kwenye droo na droo ikafungwa kwa ufunguo. Baada ya hapo kila mtu alitumia alichonacho, nami nilikuwa na simu.

Mtambo wenyewe uko nje ya mji wa Kahama, upande wa barabara ya Geita. Wachimbaji huleta mawe yao kwa malori, mawe yanasagwa kwenye makarasha mpaka yawe unga, na unga huo ndio unaochenjuliwa dhahabu. Karasha ni pipa la chuma linalozunguka likiwa na gololi za chuma ndani. Jaribu kufikiria hayo mapipa sita, yanazunguka mchana na usiku. Mimi nilikuwa karani wa sampuli. Meza yangu ilikuwa hatua nne kutoka karasha la kwanza, na nilikaa kwenye meza hiyo miaka tisa.

Viziba masikio tuliviona mara moja. Siku hiyo wakaguzi walikuwa wanakuja, kila mtu akapewa vyake, vya rangi ya machungwa, vina kamba. Wakaguzi walipoondoka msimamizi alipita na ndoo akavikusanya, vikarudi stoo. Tulicheka sana siku ile. Hata mimi nilicheka, maana nilikuwa bado nasikia kicheko changu.

Masikio hayaondoki kwa kishindo. Kwanza nilipoteza ndege, sikujua hata lini. Kisha adhana ya alfajiri ya msikiti wa karibu na kwangu, pale Nyasubi, ambayo mimi Mkristo niliitegemea kuniamsha. Nikadhani spika imeharibika, nikamuuliza jirani yangu, mama wa Kiislamu muuza vitenge, lini wataitengeneza. Alinitazama kwa muda mrefu. Ndipo nikaenda hospitali. Daktari aliandika kwenye karatasi, kwa sababu nilimwomba aandike, kwamba sikio la kushoto limekwisha na la kulia limebaki na mngurumo tu, na kwamba kilichoondoka hakirudi.

Basi nikajifunza midomo. Mtu akisimama mbele yangu kwenye mwanga, akaongea bila kula maneno, naelewa karibu yote. Akigeuka, amezima taa. Hilo tu ndilo nililohitaji watu walijue, na si jambo gumu. Mtoto wa darasa la kwanza hulielewa akiambiwa mara moja.

Meneja hakulielewa. Alikuwa kijana wa chuo, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, Msukuma wa vijijini kama mimi. Alilelewa, hilo silikatai, maana kila asubuhi alipita akiwaamkia wakubwa kwa umri hata kama ni wafagiaji. Siku moja tajiri mwenye mtambo alikuja na wageni. Meneja akapita nyuma yangu nikiwa nimeinamia mifuko ya sampuli, akasema shikamoo. Sikuinua kichwa. Akarudia, kwa sauti. Watu wote uwanjani walisimama kutazama, nami nikaendelea kufunga mifuko kwa kamba, nikiwa na furaha zangu, kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimekunywa uji wa ulezi nilioupenda.

Asiyetoka kwetu hawezi kujua kilichotokea pale. Huku mtu akikuamkia ukanyamaza, umemwambia yeye si mtu. Mzee anayegombana na mwanawe kwa ajili ya shamba bado ataitikia shikamoo ya mwanawe, kisha waendelee kugombana. Na mimi nilimnyima meneja marahaba mbele ya tajiri. Nilijua hayo siku tatu baadaye, kwa barua. Onyo la kwanza la maandishi: kukataa kuitikia salamu ya kiongozi mbele ya wageni.

Nilichukua barua na cheti cha daktari nikaenda ofisini. Nikamweleza kwamba sikusikia. Nikamwomba mambo matatu: aongee akinitazama, maagizo ya kikao cha asubuhi yaandikwe ubaoni, na king'ora cha hatari kiwekewe taa nyekundu ili nami nikione. Muda wote alikuwa ameinamia simu yake, akijibu kwa kidevu. Aliinua uso mara mbili tu. Mara ya kwanza alisema, "Taa nyekundu? Unataka tupige disko hapa?" Mara ya pili alisema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Methali hiyo niliielewa vizuri kabisa kwenye midomo yake, maana naijua tangu utotoni. Cheti kikaingia kwenye droo.

Nilitoka pale na hasira. Masikio yangu yameliwa na makarasha yao, wameshiba, halafu wananiambia nina sikio la kufa.

Kikao cha asubuhi kilifanyika ndani ya kontena lililogeuzwa ofisi, milango imefungwa ili kelele zisiingie. Tulikaa watu kumi na mmoja tumebanana. Meneja alipenda kuongea akitembea, mgongo kwangu, uso kwangu, mgongo kwangu, kwa hiyo nilipata nusu ya kila sentensi. Nilimwomba msimamizi wa zamu anirudilie maagizo baada ya kikao. Alifanya hivyo wiki moja, kisha akawa hana muda. Nikafikiri, basi, nitabeba kikao nyumbani.

Nasema ukweli: mwanzoni sikutafuta ushahidi. Nilitaka kujua tumeambiwa nini.

Nyumbani nilikuwa naishi na mama yangu. Nilimleta mjini miguu ilipoanza kumsumbua, na wanangu walikuwa bweni. Mama hajui kusoma, lakini masikio yake husikia mbuzi wa jirani akikanyaga majani makavu. Na mdomo wake ndio mdomo ninaoujua kuliko mingine yote duniani. Ana pengo mbele, na Kisukuma chake nakisoma kwenye pengo hilo hata taa ikiwa hafifu. Mpango ukawa hivi. Mimi narekodi. Jioni tunakaa mkekani nyuma ya nyumba, mama anavaa spika za masikioni juu ya kitambaa chake cha kichwa, anasikiliza kipande, anabonyeza kusimamisha kwa kidole gumba, ananirudilia kwa Kisukuma, naandika kwa Kiswahili kwenye daftari.

Siku ya kwanza simu ilikuwa mfukoni mwa rifleta, kile kizibao cha kung'aa tunachovaa kazini. Mama alisikiliza kwa uvumilivu mkubwa kisha akasema, "Nasikia kama mtu anapepeta mpunga." Ilikuwa nguo ikisugua simu kwa dakika arobaini. Siku ya pili niliiweka ndani ya kitabu cha sampuli, mapajani, na sauti zikaja.

Siku chache za mwanzo zilikuwa tamu. Fulani alilala zamu. Glovu zimekwisha. Lori la Kagongwa lisishushwe mpaka mwenyewe afike. Mambo ya kawaida kabisa, nami nikayapokea kama habari za ndugu aliyepotea, maana nilikuwa nimekaa karibu mwaka mzima kwenye vikao bila kujua vinahusu nini. Kesho yake nilifika na kazi imefanyika kama ilivyoagizwa, kabla ya mtu kunigusa bega. Nilimwona meneja akitazama mifuko iliyopangwa, akanitazama mimi, akatazama tena mifuko. Hakufurahi. Hilo lilinishangaza.

Jioni ya siku ya tano mama alisimamisha simu, akavua spika, akazifuta kwa pindo la kitenge kana kwamba zimeingia uchafu.

"Nini, mama?"

"Huyo kijana wenu."

"Anasemaje?"

"Anasema msimrudilie."

"Asirudiliwe nani?"

Mama alinitazama. "Wewe, mwanangu."

Nilimwomba anipe yote, neno kwa neno. Akanipa. Maagizo yakishatolewa humu ndani yametolewa, msimrudilie. Akikosea aandikiwe. Onyo la kwanza analo, zikifika tatu tunamalizana naye kihalali. Nilikuwa nimeketi hapo hapo, mlangoni, wakati anayasema. Alikuwa amenipa mgongo.

Neno lililonichoma ni hilo la kihalali. Angesema tu simtaki ningemwelewa, watu hawatakani kila siku. Lakini alikaa akatengeneza shimo, akaliweka kwenye njia yangu, akawaambia watu kumi wasiniambie kwamba kuna shimo, kisha akaliita sheria. Na watu kumi wakaitikia sawa. Nilikula nao ugali kwenye sinia moja.

Kuanzia jioni ile nilirekodi kwa nia. Kila kikao, kila nilipoitwa ofisini. Niliogopa, ndiyo. Mapaja yalikuwa yakilowa jasho chini ya kitabu. Sikuweza kusikia kama simu imelia au imetoa mlio wowote, kwa hiyo niliitazama kila mara kwa kona ya jicho: kwenye kioo kuna mistari inayoinuka na kushuka mtu anapoongea, nami nikajifunza kuisoma. Mistari mifupi ni mtu mmoja anayeongea taratibu. Mirefu, anafoka. Kichuguu kizima ni watu wote kwa pamoja. Hivyo ndivyo nilivyohudhuria vikao vya mwisho vya kazi yangu, nikitazama vichuguu.

Lakini jambo ninalolijutia halikutokea kwenye kontena. Lilitokea mkekani. Kila jioni nilimfanya mama yangu mzazi anitukane. Mzigo. Kiziwi huyu. Huyo tuliyenaye kama mfuko wa mchanga. Mama aliyasema kwa sauti ndogo, najua kwa sababu midomo haikufunguka vizuri, nami nikamgombeza: sema sawasawa, sikuoni. Alikuwa akiufunika mdomo kwa kiganja, kama wanawake wa rika lake wafanyavyo wakisema jambo la aibu. Nikawa namshika mkono, naushusha. Mwanamke wa zaidi ya miaka sabini, mama wa kanisa, anashushwa mkono na mwanawe ili amwambie matusi kwa usahihi. Hasira hiyo nayo ni yao, nimeiandika kwenye deni lao.

Alhamisi moja niliona kwenye kioo kichuguu ambacho sijawahi kukiona, kirefu mpaka juu, na nyuma yake kidogo, peke yake, kilima kimoja kifupi. Kabla yake kulikuwa na mistari ya mtu mmoja. Mama aliposikiliza pale alibonyeza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Kisha akasema, "Hapa hakuna kitu. Wanakohoa."

"Wote?"

"Vumbi."

Kontena lilikuwa limefungwa, vumbi lilitoka wapi? Lakini mama yangu hajawahi kunidanganya hata kuhusu dawa chungu. Nikaandika kwenye daftari: wanakohoa.

Onyo la pili lilikuja kwa sababu sikuhamisha mifuko kama ilivyoagizwa. Agizo hilo lilitolewa uwanjani, karibu na karasha, na aliyelitoa alinipa mgongo. La tatu lilikuwa siku ya majaribio ya king'ora. Nilikuwa mezani naandika. Niliinua kichwa kutafuta kalamu nyingine nikakuta uwanja mtupu. Hakuna mtu. Makarasha yamesimama. Kwa muda nilidhani kuna gesi imevuja, watu wamekufa au wamekimbia, nami nimebaki. Nilitoka mbio mpaka nje ya geti nikiwa na kiatu kimoja. Walikuwa wamesimama kwenye mstari chini ya bango la mahali pa kukusanyika, wote kumi na meneja, naye ameshika saa. Aliandika kitu kwenye karatasi. Wiki hiyo nikapewa barua ya kusitishwa kazi kwa utovu wa nidhamu na kwa kuwa hatari kwa usalama wangu na wa wenzangu.

Nilipeleka shauri kwenye usuluhishi wa migogoro ya kazi. Nilitaka kitu kimoja, kazi yangu. Nilikuwa na wana wawili bweni, na baada ya miaka tisa hakuna mtambo mwingine ambao ungemchukua karani asiyesikia. Meneja alijua hivyo, nami nilijua.

Msuluhishi alikuwa mama mtu mzima wa Pwani, amejifunga hijabu ya kijivu. Nilipomweleza hali yangu alihamisha kiti chake kutoka dirishani, ili mwanga uwe usoni kwake na si mgongoni, kisha akaniuliza, "Hapa unaniona vizuri?" Niliitikia kwa kichwa. Miaka mingapi nimeomba jambo hilo, na mtu amelifanya kwa kusogeza kiti tu.

Meneja alikuja na afisa utumishi. Mimi nilikuja na mama, nikaomba aketi mbele yangu anirudilie yanayosemwa na wengine, ikakubaliwa.

Nilipotoa simu, meneja alisimama. Mama akanirudilia: anasema umewarekodi kwa siri, ni kosa, ni usaliti, mtu mwenye nia njema hafanyi hivyo. Msuluhishi aliniuliza kwa nini sikuomba ruhusa. Nikamwambia, "Mheshimiwa, sikutega sikio mlangoni kwa mtu. Vikao hivyo nilikuwemo, nimeitwa, jina langu liko kwenye orodha ya waliohudhuria. Walioweka siri ni wao. Waliiweka mbele yangu." Akasema atasikiliza kwanza, kisha ataamua uzito wake.

Akasikiliza. Alipofika kwenye msimrudilie, alirudisha nyuma mara tatu na kuandika. Afisa utumishi alianza kutazama kucha zake. Nikasema moyoni, leo wamepatikana.

Kisha ikafika ile Alhamisi. Nilikitambua kichuguu kwenye kioo kabla hakijafika, kinakuja kutoka kulia. Nilimtazama mama, na mama akainamisha kichwa. Msuluhishi alisimamisha. Maneno ya pale yalikuwa ya Kisukuma, naye hakijui, akauliza yamesemwa nini na kwa nini watu wanacheka vile.

Kwa hiyo hawakuwa wanakohoa.

Meneja alitabasamu, kwa mara ya kwanza siku ile. Mama hakunirudilia alichosema meneja, alikuwa bado ameinama. Msuluhishi ndiye aliyenigeukia, akaniambia taratibu, "Anasema ulikuwa utani wa kawaida. Anasema hata wewe ulicheka. Huyo wa mwisho anayesikika peke yake, ni wewe?"

Kile kilima kifupi nyuma ya kichuguu.

Nilikumbuka siku hiyo. Wenzangu walikuwa wamejikunja kwa kicheko, msimamizi anajipiga paja, mpishi anafuta machozi. Asiyesikia hucheka kwa macho. Naona meno ya watu, natoa ya kwangu, ili nisiwe jiwe katikati yao. Huchelewa kidogo, ndiyo maana kicheko changu kilikuja nyuma, peke yake. Nimecheka hivyo mara ngapi, na kwa yapi, sitajua. Na mama yangu alikisikia kicheko hicho mkekani, mara mbili, akajua mwanawe anachekea nini.

Nilihisi damu imepanda mpaka kwenye masikio haya haya yasiyo na kazi. Nikasema, "Mheshimiwa, naomba ayarudie. Kwa Kisukuma hicho hicho, ila safari hii anitazame. Mimi nitakutafsiria."

Meneja alisema hakumbuki. Msuluhishi akamwambia simu inakumbuka, akambonyezea asikie. Akasema ni utani usio na maana. Msuluhishi akamwambia basi hautamgharimu kitu. Alikohoa, safari hii kweli. Akageuza uso kwangu. Nilikuwa sijawahi kumwona uso mzima kwa muda mrefu kiasi kile. Alikuwa kijana mzuri, ana kovu dogo chini ya mdomo. Akasema.

Nikatafsiri, nikimtazama yeye na si msuluhishi: "Ng'ombe asiyesikia mluzi hafugwi. Huchinjwa kabla hajakonda."

Nikangoja nione kama nitacheka.

"Umeona, mheshimiwa," nikasema. "Nimepata kila neno. Hakuandika, hakupiga kelele, amegeuza shingo tu. Hivi ndivyo nilivyomwomba tangu mwanzo, na tangu siku niliyomwomba hii ndiyo sentensi ya kwanza aliyonipa nzima." Sauti yangu sijui ilitokaje. Afisa utumishi alirudi nyuma na kiti chake, kwa hiyo nadhani ilitoka kubwa.

Shauri halikuisha siku hiyo, lakini meneja na afisa wake walitoka pale wakiwa wamenywea. Tulipoitwa tena walikuja na karatasi: barua zote tatu zimefutwa, narudi kazini, meza yangu inahamia ndani, ubao utaandikwa, taa itafungwa. Nilisaini. Mtu aliponiambia hongera nilitaka kumtukana. Hongera ya nini? Nimerudishiwa kilichokuwa changu, na masikio hayamo kwenye karatasi ile.

Nyumbani nilimuuliza mama kwa nini alinificha. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso mara moja, kisha akakumbuka, akauinua ili nimwone.

"Tusi ningekwambia," alisema. "Nimekwambia mengi. Nilichoshindwa ni kukwambia ulicheka."

Nikakaa naye tukachambua mchele mpaka ukaisha. Nilimwomba radhi kwa ule mkono niliokuwa naushusha. Akasema wabeja, asante ya kwetu, kana kwamba nimempa kitu.

Jumatatu nikarudi. Taa nyekundu ilikuwa imefungwa juu ya kontena, bado ina nailoni yake. Watu walikuwa wamesimama mlangoni kwa ajili ya kikao, wote kumi, na hakuna aliyejua aweke wapi macho. Mpishi alianza kunijia kisha akaghairi.

Meneja alitoka ndani. Alikuja moja kwa moja, akasimama mbele yangu, kwenye mwanga, uso mzima. Akainama kidogo kama mtoto aliyelelewa. Akafungua mdomo wazi, polepole, kama anayemfundisha mtoto mchanga: "Shikamoo, mama."

Watu wote walingoja. Marahaba ilinipanda yenyewe mpaka kooni. Nimelelewa nami, na shikamoo hairudishwi, hata ya adui. Shikamoo zote zilizonipita mgongoni nikaonekana mwenye kiburi, hakuna hata moja niliyoinyima marahaba kusudi. Hii niliiona yote, mwanzo mpaka mwisho, pamoja na lile kovu chini ya mdomo.

Sikuitikia.

Nilifungua kitabu cha sampuli. Simu ilikuwa humo, imewashwa, na kwenye kioo niliuona mlima mdogo wa shikamoo yake ukisogea kushoto. Baada yake mstari ulilala, umenyooka, mrefu, haukuinuka tena. Huo ulikuwa wangu.